Mgonjwa ananiuliza anaumwa nini, ndugu wamekataza asiambiwe. Nifanyeje wakuu?

Zamu ya Usiku:
Habari za usiku wakuu. Mimi ni muuguzi ngazi ya stashahada, niko hospitali moja ya rufaa ya mkoa huku Kanda ya Ziwa. Naombeni ushauri, hasa mliopo kwenye fani, maana usingizi hauji.

Kuna mama wa makamo amelazwa, alikuja anatokwa damu ukeni. Akachukuliwa kipande kidogo cha nyama kwenda kupimwa, majibu yamerudi: saratani ya shingo ya kizazi, na imeshavuka mlango wa kizazi. Daktari akawaita watoto wake ofisini akawaambia wao. Wakamwomba mama yao asiambiwe, eti presha itapanda afe kabla ya siku zake. Daktari akakubali. Kwa hiyo mama anachojua ni kwamba ana "vidonda kwenye kizazi" na anapelekwa Dar kupigwa "mwanga wa kukausha vidonda".

Sasa kila akiniona ananishika mkono: "Baba, wewe huwezi kunidanganya. Vidonda gani hivi vinavyotoa harufu, mpaka nalala na kanga mbili?" Mimi nageukia dripu, naanza kuhesabu matone kana kwamba ina shida.

Swali langu: kisheria muuguzi anaruhusiwa kumwambia mgonjwa ugonjwa wake, au ni kazi ya daktari peke yake? Naomba kuwasilisha.

Mgosi wa Korogwe:
Pole mkuu. Ila shukuru wewe unashikwa mkono. Huku kwetu ukimshika nesi mkono unaambiwa "mama, rudi kitandani, usinichafulie sare".

Mwana wa Mchungaji:
Ndugu yangu, kabla ya majibu ya daktari, umemwombea? Wengi wanatajiwa ugonjwa na hapohapo wanakata tamaa. Midomo yetu iwe na hekima.

Mama Wawili:
Mimi nasema aambiwe. Baba yetu alikuwa na saratani ya ini, tukamficha, tukawa tunamwambia ni malaria sugu. Mzee akawa anapanga msimu wa kahawa unaokuja, anakopa mbolea. Alipofariki ndipo tukajua anadaiwa na watu wa chama cha msingi, na kuna kipande cha shamba alichokwisha kumwahidi jirani kwa mdomo. Mpaka leo mimi na kaka yangu hatusalimiani kwa ajili ya kile kipande. Angejua hali yake angetuita akatugawia mwenyewe. Na jirani mwenyewe ukimwona anavyolima sasa hivi, amehamisha mpaka, miche ya mzee kaing'oa yote. Nikikumbuka nashindwa hata kula.

Dokta Kijijini:
Nijibu kama daktari. Anayemwambia mgonjwa ugonjwa kwa mara ya kwanza ni daktari anayemtibu. Si kwa sababu ya ukubwa. Ni kwa sababu baada ya jina la ugonjwa yanafuata maswali: umefika hatua gani, kuna mionzi tu au na dawa za dripu, nitapona? Ukimpa jina bila hayo umemwachia giza.

Lakini muuguzi si wa kukaa kimya. Kazi yake ni kuleta sauti ya mgonjwa kwenye raundi. Fomu ya ridhaa nayo, anayeeleza ni yule anayekwenda kufanya tiba. Muuguzi anashuhudia sahihi, na akiona mgonjwa hakuelewa anasimamisha, anarudisha kwa daktari. Mama anayedhani anakausha vidonda hajaridhia mionzi ya saratani.

Swali: hili mmelizungumza kwenye makabidhiano ya zamu? Inchaji wako anasemaje?

Zamu ya Usiku:
Inchaji sijamgusa, ana mambo yake. Dokta, mimi nilitaka kujua upande wa sheria tu. Nikimwambia, Baraza la Uuguzi linaweza kunifutia leseni?

Wakili Mtaani:
Twende taratibu. Mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye taarifa za mwili wake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Hata kwenye VVU, sheria ya 2008 kimsingi inataka majibu apewe aliyepimwa, na yawe siri. Watoto wanaambiwa mama akikubali waambiwe. Kwa hiyo kosa la kwanza lilifanyika siku ile watoto walipoambiwa kabla ya mwenye mwili.

Kuhusu leseni, inategemea umezipataje hizo taarifa na uko wapi kwenye matibabu yake. Hapo hujafafanua.

Nesi Mstaafu:
Hata mimi nimekwama hapo. Mwanangu, umeandika "kila akiniona", hukuandika "kila nikiingia zamu". Tena unajua watoto walimwomba nini daktari ofisini, na unajua mama analala na kanga mbili. Huyu mgonjwa ni nani kwako?

Zamu ya Usiku:
Shikamoo mama.

Sawa. Ni shangazi yangu, dada yake baba, tumbo moja. Aliuza ng'ombe nikaenda chuo. Binamu zangu ndio walioitwa na daktari.

Mimi niko wodi ya watoto, si wodi ya wanawake. Majibu niliyasoma kwenye faili lake usiku mmoja. Kwenye zamu alikuwepo mwenzangu tuliyesoma wote, akatoka kwenda kuchukua dawa, faili liko mezani, nikafungua. Na Jumapili nilimwambia shangazi asisaini karatasi yoyote ya safari mpaka tuongee.

Najua mtanirukia. Lakini ningefanyaje? Nimwache mtu aliyenilea apakizwe kwenye gari kwenda kuchomwa mionzi hajui kwa nini? Jumamosi niko mapumziko, nimeshapanga kumweleza. Nilitaka tu mnithibitishie kwamba sheria iko upande wangu.

Wakili Mtaani:
Haiko upande wako. Haki ya shangazi kujua ni yake, haigeuki kuwa ruhusa yako ya kufungua faili la mgonjwa usiyemhudumia. Na umemtia mwenzako matatani. Faili lilikuwa mikononi mwake.

Zamu ya Usiku:
Mkuu, hakuna aliyeumia. Mimi ni damu yake.

Wakili Mtaani:
Binamu zako nao ni damu yake, na ndio unaowalalamikia.

Kipanga:
Wakuu, mnapoteza muda, hii ni chai. Mwanzo alikuwa anahesabu matone ya dripu kama muuguzi wake, sasa yuko wodi ya watoto. Mwanzo "kuna mama wa makamo", sasa "shangazi yangu aliyeuza ng'ombe". Subirini, kesho inakuja namba ya kuchangia nauli ya Dar. Tumeshalizwa humu mara nyingi.

Mgosi wa Korogwe:
Kama ni chai basi aje na maandazi, tumekesha.

Mwana wa Mchungaji:
Hata mimi moyo umesita. Kijana, usilichezee jina la mgonjwa.

Zamu ya Usiku:
Sijaomba hata shilingi. Nilificha kwa sababu huku wote tunajuana. Na dripu hata ndugu huiangalia.

Kipanga:
Haya, muuguzi. Mama ana kifafa cha mimba, yuko kwenye magnesiamu. Kabla hujampa dozi inayofuata unaangalia nini? Jibu sasa hivi, usiende kusoma.

Zamu ya Usiku:
Nagonga goti nione mguu unaruka. Nahesabu pumzi, zisiwe chini ya 16 kwa dakika. Naangalia mfuko wa mkojo, usiwe chini ya mililita 30 kwa saa. Kimoja kikikosekana sitoi dozi, namwita daktari, na kalsiamu glukoneti iwe karibu, maana ndiyo inayozimua.

Kipanga:
Muuguzi wewe, nakubali. Hadithi ya shangazi bado sijaimeza.

Nesi Mstaafu:
Kipanga, mimi faili za mezani nimeziona miaka yote ya kazi, na ndugu wa kuficha ugonjwa nimewaona wodi nzima. Hakuna kinachonishangaza hapa. Niacheni niongee na huyu kijana.

Mwanangu, umechanganya sare na undugu. Kwa shangazi yako wewe si muuguzi, ni mtoto wa kaka yake. Ukienda kumwona, vua sare, nenda saa za kuona wagonjwa kama watu wengine.

La kwanza kabisa, futa ile kauli ya "usisaini". Saratani hii haisubiri vikao vya ukoo. Ikishavuka mlango wa kizazi, kisu peke yake mara nyingi hakitoshi, tegemeo ni mionzi pamoja na dawa, na nafasi ya mionzi hospitali ya Ocean Road au Bugando ikipotea atarudi kwenye foleni huku damu inamwishia. Mwambie asisaini asichokielewa, kisha aeleweshwe upesi. Hayo ni mambo mawili tofauti na wewe umempa nusu.

La pili, usimwambie wewe. Mwambie hivi tu: "Shangazi, una haki ya kumwita daktari akueleze wewe mwenyewe, bila wanao kuwepo kama hutaki." Akishamwambia sista wa wodi yake, yule sista ana wajibu wa kuandika kwenye faili maneno yaleyale ya mgonjwa: "Mgonjwa anauliza anaumwa nini, anataka aelezwe na daktari." Likishaandikwa, raundi ya kesho yake hakuna anayelipita. Nimeona madaktari waliokubaliana na ndugu wakigeuka kwa sababu ya mstari mmoja wa muuguzi kwenye faili.

Na daktari mzuri haanzi kwa kutaja saratani. Anavuta pazia au anamtoa hadi kwenye chumba, anakaa, anamuuliza: "Mama, wewe unadhani una nini?" Halafu: "Unapenda nikueleze yote, au kuna mtu unataka nimweleze?" Wapo wanaojibu, "Mwambieni mwanangu mkubwa, mimi nitibuni tu." Hiyo nayo ni haki yake. Tofauti ni kwamba imetoka kinywani mwake.

Kazi kubwa ya muuguzi inaanza daktari akishatoka. Hapo ndipo mama anauliza kwa sauti ya chini kama ataweza kulala na mume wake, kama anaambukiza, kama ile harufu itaisha. Kaa, jibu unachokijua. Harufu ina dawa, usafi wake una utaratibu, hakuna sababu ya mama kulala kwa aibu na kanga mbili. Hilo moja wangekuwa wameshalishughulikia hata bila kutaja saratani, na linaniudhi kuliko yote uliyoandika.

Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali naye asiachwe. Yeye ndiye wa kukaa na hao binamu. Wanaogopa, hawana nia mbaya.

Na mwenzako mwambie kuhusu faili. Asilisikie kwa mtu mwingine.

Dokta Kijijini:
Sina cha kuongeza kwa mama. Labda hili: binamu waitwe kabla daktari hajaongea na mgonjwa, waambiwe kwamba mama ameuliza mwenyewe na tutamjibu. Ukiwaruka wanaweza kumtorosha hata kwenda kwa mganga.

Binti Sengerema:
Samahani kutoka nje ya mada, ile chanjo ya mabinti wa shule ndiyo ya saratani hii?

Dokta Kijijini:
Ndiyo, ya virusi vya HPV, nchi nzima ilianza 2018 kwa mabinti wa miaka 14. Na wewe mkubwa ukapimwe, wanapaka siki kwenye mlango wa kizazi, majibu palepale.

Zamu ya Usiku:
Wakuu, mrejesho. Leo nimekwenda saa ya kuona wagonjwa, bila sare. Nimemwambia kama mama alivyonielekeza. Shangazi akanitazama, akasema, "Kumbe mimi naruhusiwa kumwita daktari?" Miaka yote hii alikuwa anajua daktari ndiye anayemwita mtu. Amemwita sista mwenyewe, sista ameandika, raundi ni kesho asubuhi. Karatasi nimemwambia asaini akishaelewa.

Binamu mkubwa amenipigia, anasema nikiendelea tusijuane.

Kuhusu faili sijamwambia mwenzangu. Naona suala limeshapata njia, sioni haja. Na daktari asipotokea kesho nitamwambia shangazi mwenyewe, hapo msinizuie.

Kipanga:
Niwie radhi kwa ile ya nauli. Hapo kwa mwenzako lakini unakosea.

Nesi Mstaafu:
Daktari asipotokea, sista wa wodi anamfuata. Akishindwa sista, mfawidhi wa wodi yupo, na juu yake kuna mganga mfawidhi. Ngazi ni ndefu, usiziruke zote kwa mara moja.

Na mwenzako mwambie leo kabla hajaingia zamu. Kesho daktari akimkuta shangazi anajua zaidi ya alichoambiwa, wa kwanza kuulizwa ni aliyekuwa na faili.

Zamu ya Usiku:
Anaingia saa mbili. Nampigia sasa.