Mrejesho: ile boti ya matanga tuliyoihama mkondo wa Pemba

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama tulipaswa kuizamisha boti ya tajiri yangu tulipoihama tukielekea Tanga, usukani umekatika na maji yanaingia taratibu.

Wengi mlisema ingetobolewa. Hoja yenu ina uzito: maji ya huku yanasukuma kaskazini, upande wa meli za Mombasa, na chombo kilichojaa maji nusu hata rada hukiona kwa shida. Nahodha wetu alishaishika valvu ya choo, kisu mkononi akate mpira wake, bahari iingie ndani. Akaghairi. Pampu bado ilikuwa inavuta, na sisi tulikuwa hatujapanda mashua ya wavuvi. Hilo la pili ndilo kubwa: hakuna kutoboa chombo mpaka mtu wa mwisho awe salama kwenye kingine. Tukaacha taa ya mlingoti inawaka, tukatangaza mahali ilipo kwenye redio, chaneli 16, ile ya dharura.

Imepatikana imelalia mwamba kaskazini ya Tanga, mlingoti umesimama. Mtu wa bima swali lake la kwanza: nani kaitoboa? Hakuna. Basi madai yanaendelea.

Ila tajiri asishangilie mno. Mkataba wa Nairobi wa 2007, pale unapotumika, unambebesha mmiliki gharama za kuondoa mabaki yanayohatarisha vyombo, yawe yanaelea au yamezama.

Ingekuwa katikati ya mkondo, kwenye kina kirefu, usiku, betri imekufa na sote tumeshaokolewa, mimi ningekata ule mpira.

Sasa tunasubiri bamvua, maji yakijaa sana, tuinasue.