Wakuu nisaidieni: ampli ya valvu inakwaruza nikiongeza sauti, na Jumamosi nina kazi

SoloNkuhungu
Habari za jioni wakuu. Napiga gitaa la solo kwenye kikundi chetu hapa Dodoma, tunapiga rumba na zile dansi za zamani kwenye sherehe. Nina ampli ya valvu, zile taa za kioo za zamani badala ya transista, kaka yangu alinitumia kutoka Marekani. Nyumbani ina sauti tamu, nota moja moja unaihesabu, na usiku ukizima taa ile rangi ya bluu inayowaka ndani yake, acha tu.

Tatizo ni mazoezini. Dramu zikiingia nalazimika kuipandisha, na ikifika katikati inaanza kukwaruza. Solo la rumba likikwaruza limekufa. Nimeweka geini (ukuzaji wa mwanzo) 7, masta (sauti ya mwisho) 3. Jumamosi tuna sendofu Kisasa, uwanja wa wazi, sitaki aibu. Nifanyeje itoe sauti kubwa halafu safi? Na tafadhali msiniambie ninunue nyingine.

MpwapwaAsilia
Nimewahi siti ya mbele na ubuyu wangu. Endeleeni.

MzeeWaTransfoma
Umeiweka kinyume. Geini 7 inazilemea valvu za mbele pale pale, sauti inafika kwenye masta ikiwa imeshaharibika. Shusha geini mpaka 2 au 3, masta ndiyo uipandishe. Kama kuna matundu mawili ya kuchomeka gitaa, tumia lile lenye usikivu mdogo. Bezi ipunguze sana, ndiyo inayokula nguvu ya ampli kuliko kitu kingine. Sauti za kati ziongeze, hapo ndipo sikio linalikamata gitaa katikati ya dramu na kinanda.

Sasa nijibu mawili: ni ya wati ngapi, na valvu ya mwisho ni ipi?

ShambaLaZabibu
Mimi nitasema ukweli hata kama utauma. Sendofu za siku hizi kelele tupu. Mnapandisha sauti mpaka wazee wanashindwa kusalimiana mezani, mtu anaulizwa hali ya mgonjwa anajibu "wali na kuku". Badala ya kutafuta sauti kubwa mngetafuta sauti ya kiasi. Vijana mna nguvu, Hombolo huku mashamba ya zabibu yanalia watu.

KakaSingida
Mkuu, achana na valvu. Kama unataka safi kabisa tafuta Roland JC-120. Ipo sokoni tangu 1975, haina valvu hata moja, ni transista tupu, na wapiga gitaa wanaoipenda wanaipenda kwa usafi huo huo. Mimi nilikuwa napiga bezi kwaya moja pale Manyoni, tulikuwa na ampli ya kuchongesha. Siku ya mkesha jenereta likapandisha moto, moshi ukatoka kwenye ampli, waumini wa mbele wakadhani ni upako. Mchungaji alikuwa wa kwanza kutoka nje. Toka siku hiyo chombo chochote cha umeme nakichomeka kwanza taa ya kawaida pembeni, niangalie mwanga wake.

SoloNkuhungu
Asanteni. Mzee shikamoo. Nimejaribu geini 3 na masta 8, kweli imesafika kidogo, ila dramu bado zinanimeza. Spika yake ni inchi 12, boksi la mbao nzito, siyo kitu cha mchezo.

MzeeWaTransfoma
Marahaba. Sikuuliza inchi.

BintiKongwa
Kaka, umeme wa Marekani ni volti 120, wetu 230. Unaichomeka wapi?

SoloNkuhungu
Natumia transfoma ya kushusha, dada. Hiyo haina shida. Tumechomeka na kinanda hapo hapo.

BintiKongwa
Transfoma ni kubwa kiasi gani? Maana ikilemewa volti zinashuka, na volti zikishuka ile nafasi ya sauti safi inapungua. Chukua mita, pima mkiwa mnapiga, siyo mkiwa mmekaa. Kinanda kitafutieni pake.

NgomaYaMuheme
Ila jamani tunakimbia mkwaruzo wa nini? Sisi Wagogo ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, tunaitoboa tundu na kuliziba kwa utando wa mayai ya buibui, makusudi, ili kila nota ije na mvumo wake. Marehemu Hukwe Zawose alizunguka dunia na mlio huo na Wazungu wakasimama kumpigia makofi. Wewe unao mkwaruzo wa bure unalalamika.

SoloNkuhungu
Mkuu NgomaYaMuheme, huo ni utamaduni, mimi nalipwa kupiga rumba.

MzeeWaTransfoma
Mwanangu, nauliza mara ya mwisho halafu nakwenda kulala. Wati ngapi?

SoloNkuhungu
Nyuma imeandikwa wati 5. Ila wadau, wati za valvu siyo sawa na wati za transista, hilo kila mtu anajua. Mtandaoni nimeona mtu anapiga ya wati 5 na dirisha linatetemeka.

MpwapwaAsilia
WATI TANO 😂😂😂 uwanja wa wazi Kisasa. Kengele ya muuza koni inakushinda.

KakaSingida
Mkuu ungesema mwanzo nisingehangaika na hadithi ya upako.

MzeeWaTransfoma
Mwacheni. Sasa tunaweza kuzungumza.

Hilo la valvu kusikika kubwa lina sababu yake. Valvu ikizidiwa haikatiki ghafla kama transista, inakwaruza taratibu na sikio linavumilia, kwa hiyo watu wanaipandisha zaidi. Lakini ukubwa huo umetokana na kuzidiwa. Wewe unataka isizidiwe. Kwa anayetaka sauti safi, wati 5 ni wati 5, tena za mwisho mwisho huzitumii.

Tupige hesabu. Spika nzuri ya gitaa ukiipa wati 1 inatoa tuseme desibeli 97 ukiwa mita 1. Wati 5 zinaongeza 7 tu, unafika 104. Uwanja wa wazi hauna ukuta wa kukurudishia sauti, kila umbali ukiongezeka mara mbili unapoteza desibeli 6. Mita 2 una 98, mita 4 una 92, mita 8 una 86. Meza ya wazazi iko mita ngapi? Na hapo pembeni yako kuna mtu anachapa dramu kwa mikono miwili.

Ukitaka sikio lisikie sauti maradufu, unahitaji nguvu mara kumi, yaani wati 50. Ukitoka 5 kwenda 10 umeongeza desibeli 3, mtu akiwa anakula hata hatagundua. Ndiyo maana Fender Twin Reverb iliyotoka 1963 inasifiwa kwa usafi: wati 85, valvu nne za 6L6, spika mbili za inchi 12. Bei yake ni uzito, inakaribia kilo 30.

Njia ya kwako ni mbili. Ya kwanza ni spika. Kama iliyomo ni ya desibeli 94 na ukapata ya 100, ni sawa na kuzidisha wati mara nne bila kugusa ndani, ila omu (ukinzani wa spika) zilingane na ilichoandikiwa ampli. Ya pili ndiyo rahisi: weka maiki mbele ya spika, ampli ibaki pale inapotoa sauti tamu, spika kubwa za ukumbi ndizo zibebe. Hata wenye ampli za wati 100 kwenye viwanja vya mpira wanawekewa maiki.

SoloNkuhungu
Mzee nashukuru, ila maiki sitaki. Ikipita kwenye miksa ya yule kijana wetu inatoka kama gitaa la kwenye redio. Watu wanatakiwa wasikie ampli yenyewe.

Halafu kusema kweli nimeshaanza utaratibu. Kuna fundi Majengo nimempa advansi 80,000. Ina valvu moja kubwa ya 6V6, yeye ataitoa aweke 6L6 ambayo ni kubwa zaidi. Amesema itafika hata wati 20. Nilivyoinunua muuzaji pia alisema inawezekana.

MzeeWaTransfoma
80,000 hiyo ungekodi maiki na stendi yake.

6L6 inaingia kwenye tundu lile lile, miguu inalingana, ndiyo maana mafundi wanashawishika. Lakini nyuzi ya kupasha moto ya 6V6 inavuta ampea 0.45, ya 6L6 inavuta 0.9. Mara mbili. Transfoma yako ya ndani ikiwa imepigiwa hesabu ya ile ndogo itachemka. Na ile ya kutoa sauti haitakupa wati 20 hata uweke valvu ya kituo cha redio, chuma chake ni kidogo. Utalipa, itaunguza, na sauti itakuwa ile ile.

Ukitaka kubadilisha kitu cha bei nafuu, badilisha ile ndogo ya mbele. Kama ni 12AX7 weka 12AT7. Kipimo cha ukuzaji kinashuka kutoka 100 mpaka 60. Haitakuongezea ukubwa, ila utazungusha volyumu mbali zaidi kabla haijaanza kukwaruza.

Na huyo fundi akifungua, ampli iwe imechomolewa na kapasita zimetolewa umeme kwanza. Zinashikilia volti mia tatu na zaidi hata waya ukiwa mkononi mwako. Akiijaribu, asiiwashe bila spika kuunganishwa, transfoma ya kutoa sauti itakufa.

KiberengeChaSGR
Samahani wakuu, nimesoma toka juu. Hii ni chai, tena haina hata sukari.

Moja: mwanzo kaka alimtumia, sasa "nilivyoinunua muuzaji alisema". Mbili: valvu inawaka rangi ya chungwa kwa sababu ni waya unaochemka. Bluu ni taa za mapambo zinazowekwa kwenye viampli vya bei rahisi. Tatu: mwezi uliopita jamaa huyu huyu alifungua uzi wa kuuza gitaa. Gitaa unauza, sendofu unapiga na nini, filimbi?

MpwapwaAsilia
Naongeza ubuyu.

ShambaLaZabibu
Nilijua tu. Watu wanakuja humu kutupotezea muda na mzee wa watu amekesha anapiga hesabu.

KakaSingida
Atupie picha yaishe.

SoloNkuhungu
Kaka ndiye aliyenunua kwa niaba yangu, mimi nikamrudishia hela, kuna ubaya gani? Gitaa ninalouza ni la pili. Picha siwezi, ampli iko kwa fundi toka mchana.

KiberengeChaSGR
Iko kwa fundi toka mchana, na jioni hii umejaribu geini 3 masta 8. Umejaribia ndotoni?

SoloNkuhungu
Nilijaribu asubuhi ya leo kabla sijaipeleka, nilikuwa nimeshawaza mwenyewe kushusha geini.

NgomaYaMuheme
Anaunguza mchuzi sasa 😂

MzeeWaTransfoma
Kiberenge, kwenye bluu umemwonea. Valvu kubwa ya mwisho ikifanya kazi, kioo chake kwa ndani huwa kinatoa mwanga wa bluu, elektroni zilizopita sahani zinagonga kioo. Ni kawaida na haina madhara. Cha kuogopa ni ukungu wa zambarau katikati ya vyuma vyenyewe, hapo hewa imeingia. Huyu kijana sijui kama ana ampli, lakini aliyemsimulia hiyo bluu ameiona.

KiberengeChaSGR
Mzee nakuheshimu. Ila valvu kuwa ya kweli haifanyi sendofu iwe ya kweli.

BintiKongwa
Kwani ikiwa chai inatusumbua nini? Mimi mume wangu ana ampli ya wati 15 ndani, inanguruma kila Jumapili, nimejifunza leo kwamba bezi ndiyo ya kupunguza. Nishaipunguza. Hajagundua.

SoloNkuhungu, kama kazi ipo, mpigie fundi asubuhi asifungue kitu. Advansi iwe ya 12AT7. Maiki ya kawaida ya kuimbia inatosha, isogeze karibu na spika, pembeni kidogo ya katikati.

SoloNkuhungu
Dada nimekuelewa. Nitaongea naye. Ila ameshaagiza hiyo 6L6 Dar, inakuja na basi, itakuwa vigumu kumrudisha nyuma. Labda aiweke tu tuone, ikichemka tunatoa.

MzeeWaTransfoma
Lala salama mwanangu.

Msalato_Kwetu
Sijasoma yote. Lile gitaa la mwezi uliopita bado lipo?

SoloNkuhungu
Lipo mkuu, njoo inbox. Ila utalichukua Jumapili, Jumamosi nina matumizi nalo.