Ushauri: Baba ana ngiri, apasuliwe huku wilayani au tusubiri bingwa Mbeya mjini?

Kijana wa Uporoto:
Wakuu, wakubwa shikamooni. Mzee wangu ana miaka 61, analima viazi huku milimani Rungwe. Ana uvimbe kinenani kulia, ukubwa wa yai la kuku. Akipandisha lumbesa kwenye fuso unatokeza. Akilala chali anausukuma kwa vidole, unarudi. Siku hizi unamuuma hadi anaacha jembe. Hospitali ya huku wamesema ni ngiri, watamwekea wavu wa kuimarisha ukuta wa tumbo, ila atakayepasua ni AMO, yaani daktari msaidizi, si bingwa. Kaka yangu wa Dar amegoma, anataka bingwa tu. Mzee naye anasema viazi vivunwe kwanza. Nifanyeje?

Chai Maharage:
Mkuu njoo PM, kuna mizizi inamaliza ngiri siku saba.

Nesi Mstaafu:
Chai Maharage, hilo ni tundu kwenye ukuta wa tumbo. Mizizi itaziba tundu?

Mwanangu, mwambie kaka yako kuna utafiti wa Sierra Leone uliotoka 2021. Wanaume zaidi ya 200 wenye ngiri waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapasuliwa na madaktari wa kawaida, wengine na wataalamu wa kada ya kati waliofundishwa upasuaji, wanaofanana na AMO wetu. Wote waliwekewa wavu. Baada ya mwaka, ngiri ilijirudia kwa asilimia 6.9 ya waliopasuliwa na madaktari, na asilimia 0.9 tu kwa wale wengine. Usiulize cheo, uliza ameshafanya ngiri ngapi mwaka huu.

Mtu wa Isyonje:
Kusubiri nako si dhambi. Marekani 2006 waliwafuatilia wanaume 720, nusu wakaachwa bila kupasuliwa, na ngiri kunasa ghafla, ikagoma kurudi ndani, ilikuwa nadra sana.

Nesi Mstaafu:
Hao walikuwa hawaumwi, au wanaumwa kidogo. Na walipofuatiliwa miaka kumi, wengi wa walioachwa waliishia kupasuliwa, hasa kwa maumivu. Mzee huyu tayari anaacha jembe. Uvimbe ukigoma kurudi, ukauma sana au akatapika, msingoje asubuhi.

Jingine: utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotoka 2018 ulikuta vifo vingi vya upasuaji vinatokea siku za baadaye, wodini, wala si mezani. Kwa hiyo uliza pia nani anapita wodini usiku. Na wewe mwenyewe ulale pale.

Kijana wa Uporoto:
Asante mama. Nimeenda leo. AMO hakukasirika, kafungua daftari la thieta akanionyesha: ngiri 41 tangu Januari. Usiku kuna manesi wawili. Kaka bado ananuna, lakini katuma pesa. Tumepangiwa Alhamisi. Mzee kauliza swali moja tu: lumbesa zake atazipakia nani?