Hesabu za kura za urais Kenya, Agosti 2022: stesheni za TV zilitugonganisha, na sisi tukakubali

Wadau, hili limenikaa rohoni tangu 2022. Leo nalitoa, maana kelele za 2027 zishaanza na sijasikia stesheni hata moja ikiomba radhi.

Mwakumbuka. Kura tulipiga Jumanne tarehe 9, IEBC, tume ya uchaguzi, ikaweka fomu 34A, zile za matokeo ya urais ya kila kituo, kwenye tovuti yake kila mtu azione. Vituo zaidi ya 46,000! Kila stesheni ikachukua fomu zake kwa mpangilio wake, ikajumlisha. Basi huku Ruto yuko mbele, ukibonyeza rimoti, kule Raila yuko mbele. Saa ile ile, tovuti ile ile. Kwenye skrini nilizotazama mimi sikuona popote pameandikwa wameanzia kaunti zipi na zipi hawajazigusa. Tarakimu tupu na picha mbili.

Jumatano asubuhi nilikuwa hotelini hapa Kisauni, Mombasa, nala mahamri na mbaazi. Wanaume wawili, majirani wa miaka na miaka, wakaanza kunyang'anyana rimoti. Kila mmoja ataka stesheni inayomfurahisha. Chai ikamwagika, wakaanza kutukaniana makabila, mama mwenye hoteli akaja akachomoa waya wa TV. Mpaka leo hawasalimiani, na nyumba zao ukuta ni mmoja!

Kisha stesheni zikafanya lililoniudhi zaidi: zikanyamaza. Tarakimu zikaganda, watangazaji wakaendelea na mengine, maelezo hakuna. Tukaachiwa uvumi wa WhatsApp hadi Jumatatu tarehe 15, Chebukati, mwenyekiti wa IEBC, aliposoma Ruto asilimia 50.49, Raila 48.85. Mtu aliyeonyeshwa siku nzima kwamba mtu wake anaongoza, ataaminije? Na hii ni nchi ambayo Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya kura za 2007, ilishazitaja redio za lugha za mama kwa uchochezi. Wahariri wanayajua haya kuliko mimi.

Lakini na sisi tusijifiche. Usiku ule wa kura mimi mwenyewe nilihama stesheni mara tatu nikimtafuta mtu wangu anakoongoza, na nilipompata nikatulia pale pale. Stesheni zinaona tunakotulia, na matangazo ya biashara yanafuata huko huko.

Wahariri, tuambieni sasa, si usiku wa kura: 2027 mtaanza na fomu zipi, na mkisimama mtasema kwa nini?

Na nyinyi wadau, mlitulia stesheni gani, na kwa nini? Semeni kweli.