Seria-zirkonia: kilele kikisogea kulia, ni ushahidi wa mapengo ya oksijeni?

Mwanafunzi_Kemia:
Wakuu, habari za leo. Nimetengeneza kichocheo cha seria (oksidi ya seriamu) iliyochanganywa na zirkonia (oksidi ya zirkoniamu). Kwenye mchoro wa eksirei, kilele kikuu cha seria, ambacho hukaa karibu na pembe ya nyuzi 28.5, kimesogea kulia. Mwenzangu wa maabara anasema hiyo yatosha kuandika kwamba fuwele ina mapengo ya oksijeni, yaani nafasi ambazo oksijeni haipo. Ni kweli?

Fundi_Oksidi:
Usiandike hivyo, mdogo wangu. Kilele kikisogea kulia, fuwele imebana, na aliyeibana ni zirkoniamu: ayoni yake ina nusukipenyo cha pikomita 84, ya seriamu ya +4 ina 97. Pengo hufanya kinyume. Oksijeni ikitoka huacha elektroni mbili, seriamu mbili zinashuka hadi +3, na seriamu ya +3 ni kubwa, pikomita 114. Fuwele hutanuka.

Ulichonacho ni dalili kwamba zirkoniamu imeingia ndani ya fuwele, haikubaki pembeni kama oksidi yake. Hilo ni tokeo zuri, lisimamie! Zirkoniamu nayo ni +4, haidai pengo ili chaji zilingane. Gadoliniamu ya +3 ndiyo hudai: kila ayoni mbili, pengo moja.

Binti_Maabara:
Na Raman je, kile kipimo cha mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli? Si ule mkanda wa karibu 600 kwa sentimita ndio alama ya mapengo?

Fundi_Oksidi:
Dada, kwa zirkoniamu nenda nao taratibu. Mkanda wa 464 ni wa seria yenyewe, lakini mkanda wa 600 hutokea pia ayoni ngeni inapopinda mpangilio bila oksijeni yoyote kukosekana.

Mimi ningepasha sampuli polepole ndani ya haidrojeni na kupima gesi inavyotumika kung'oa oksijeni. Seria tupu hutoa oksijeni ya juu juu karibu na nyuzijoto 500, ya ndani hadi karibu na 800. Zirkonia ikichanganyika vizuri, ya ndani hutoka mapema zaidi. Ndiyo maana mchanganyiko huu umo kwenye vichocheo vya bomba la moshi la magari: hutoa oksijeni petroli ikizidi, huipokea hewa ikizidi. Unga wa njano hafifu utageuka kijivu-bluu. Usiufungulie hewani kabla ya vipimo vingine, oksijeni hurudi upesi.

Mwanafunzi_Kemia:
Asante sana kaka. Nianze na sampuli ipi, iliyochomwa kwa nyuzijoto 500 au 900?

Fundi_Oksidi:
Zote mbili. Ya 900 irudishe kwanza kwenye eksirei. Kilele kikigawanyika, seria na zirkonia zimeanza kutengana.