Kumwaga salfa juu ya anga ili kupoza dunia: majaribio yaruhusiwe au yapigwe marufuku?

Mpimahewa: Wakuu, naweka mada mezani. Juni 15, 1991 mlima Pinatubo wa Ufilipino ulirusha kiasi cha tani milioni 15 hadi 20 za gesi ya salfa dioksaidi hadi kwenye stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya tabaka lenye mvua. Huko gesi hiyo hugeuka matone madogo ya tindikali ya salfa yanayorudisha sehemu ya mwanga wa jua. Mwaka uliofuata wastani wa joto la dunia ulishuka kwa karibu nusu nyuzi ya Selsiasi, na baada ya miaka michache athari ikaisha. Mwaka 2006 Paul Crutzen, mkemia aliyeshiriki Tuzo ya Nobeli ya 1995 kwa kazi ya ozoni, akaandika kwamba njia hiyo ya volkano ichunguzwe, iwe akiba endapo juhudi za kupunguza gesi joto zitagonga mwamba.

Tangu hapo ni vuta nikuvute. Timu ya Chuo Kikuu cha Harvard ilitaka kurusha puto Sweden mwaka 2021 kujaribu vifaa tu. Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa nchi hiyo, wakapinga, safari ikaahirishwa, na Machi 2024 mradi ukafungwa. Meksiko ilitangaza Januari 2023 kwamba itapiga marufuku majaribio ya aina hii. Mwaka huohuo mawaziri wa mazingira wa Afrika wakataka mkataba wa dunia wa kutotumia mbinu hizi. Msimamo wangu: majaribio madogo ndiyo, matumizi hapana. Nipingeni, ila mje na hesabu.

Hesabu_Kwanza: Basi tuanze na mzigo, maana wengi huruka hapo. Makadirio yanayonukuliwa sana ni tani milioni 8 hadi 16 za salfa dioksaidi kila mwaka kwa kila nyuzi moja ya upoaji. Tushike milioni 10. Salfa ina uzito wa atomu 32, salfa dioksaidi 64, tindikali ya salfa 98. Kwa hiyo tani milioni 10 za gesi zinazaa tani milioni 15.3 za tindikali, na kwa kuwa tone la huko juu ni kama robo tatu tindikali na robo maji, yanapatikana matone ya tani milioni 20 hivi. Ukibeba salfa yenyewe ya unga na kuichoma ukiwa angani, unapanda na tani milioni 5 tu; nusu nyingine ni oksijeni unayoikuta hukohuko.

Sasa chombo. Katika tropiki stratosfia inaanzia kilomita 16 hadi 18, hivyo unalenga 20. Ndege za abiria huishia 10 hadi 12. Kwenye kilomita 20 hewa ina msongamano wa kama asilimia 7 ya ule wa usawa wa bahari. Bawa halina cha kushika, injini haina cha kuvuta. U-2 ya upelelezi inafika, lakini mzigo wake ni mdogo mno kwa kazi hii. Ndege mpya lazima ibuniwe. Tuseme inabeba tani 15: kwa gesi iliyo tayari ni safari zaidi ya 1,800 kila siku, kwa salfa ya unga zaidi ya 900. Gharama inakadiriwa kwa makumi ya mabilioni ya dola za Marekani kwa mwaka. Kwa nchi tajiri hiyo ni bei ya kawaida, na hilo ndilo linalonitisha.

Mwavuli: Mnaogopa kitu tunachokifanya kila siku. Viwanda na mitambo ya makaa ya mawe inamwaga makumi ya mamilioni ya tani za salfa dioksaidi kwa mwaka, na moshi huo umekuwa ukificha sehemu ya joto letu. Meli peke yake: hadi mwisho wa 2019 mafuta yake yaliruhusiwa kuwa na salfa asilimia 3.5, na kuanzia Januari 1, 2020 ikawa 0.5. Tumeondoa kivuli bila kuuliza mtu. Tani milioni 10 juu ni afadhali kuliko hizo zote chini.

Chujio: Mwavuli, ukweli wako ni nusu. Tofauti kubwa ni mvua. Chini, kwenye troposfia, mvua inaosha chembe za salfeti, yaani zile zinazotokana na salfa dioksaidi, ndani ya siku chache hadi wiki. Stratosfia haina mvua, kwa hiyo chembe inakaa mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana tani moja ya juu inafanya kazi ya tani nyingi za chini. Na usiwalaumu waliosafisha mafuta ya meli: Shirika la Afya Duniani linahusisha vifo milioni 4.2 vya mwaka 2019 na uchafuzi wa hewa ya nje, na salfeti ni sehemu ya chembe hizo zinazoingia mapafuni. Hakuna atakayetetea kurudisha moshi huo ili tupate kivuli.

Mimi hofu yangu ni ozoni, gesi ya huko juu inayotukinga na miale mikali ya jua. Klorini iliyoachwa na gesi za majokofu ya zamani imelala kwenye maghala mawili, klorini nitrati na kloridi ya hidrojeni. Zikiwa hewani tu, hazigusani kwa kasi yoyote ya maana. Zipe uso wa tone la tindikali kwenye baridi ya nyuzi 75 chini ya sifuri au zaidi, zinakutana na kutoa molekuli ya klorini. Jua la kwanza la majira ya kuchipua likitokea Antaktika, molekuli inapasuka na kila atomu inaanza kula ozoni, tena na tena. Mkataba wa Montreal wa 1987, uliozibana gesi hizo, umetufikisha mahali ambapo tundu la Antaktika linatarajiwa kupona karibu na 2066. Unataka kuongeza nyuso za kukutania wakati klorini bado ipo?

Mpimahewa: Hapo umepiga ndipo, ila maliza hesabu. Klorini inapungua kila mwaka. Halafu tone hilohilo linageuza dinitrojeni pentoksaidi kuwa tindikali ya nitriki, na hivyo kupunguza oksaidi za nitrojeni ambazo nazo hula ozoni katikati ya stratosfia. Jawabu la mwaka 2030 si la mwaka 2080, wala la ncha ya dunia si la tropiki. Hayo ndiyo ya kupima.

Chembe_Ndogo: Naomba tukae kidogo kwenye ukubwa wa tone, maana mengi yanaanguka hapo. Gesi ikitoka haiwi tindikali papo hapo. Inasubiri hidroksili (kipande cha oksijeni na hidrojeni kinachodaka gesi nyingine hewani), kisha oksijeni, kisha mvuke wa maji. Baada ya mwezi mmoja hivi sehemu kubwa imegeuka. Tindikali inayozaliwa ina njia mbili: iunde matone mapya, au ijibandike kwenye yaliyopo. Ukimwaga palepale ambapo jana ulimwaga, inajibandika. Juu ya hapo matone yanagongana na kuungana, na kasi ya kuungana inakwenda kwa mraba wa idadi yake: mara mbili ya matone, mara nne ya migongano.

Tone zuri kwa kurudisha mwanga wa jua lina nusu kipenyo cha maikromita 0.2 hadi 0.3. Likifika 0.5, kama ilivyotokea baada ya Pinatubo, kila tani inatoa kivuli kidogo zaidi, inaanguka zaidi ya mara mbili ya kasi ya awali, na inanasa joto linalotoka ardhini ambalo ulitaka liende zake. Joto hilo linapasha stratosfia ya tropiki, na mvuke zaidi wa maji unapenya kupanda juu. Kwa hiyo ukiongeza salfa mara mbili, upoaji hauongezeki mara mbili. Atakayekuchorea mstari ulionyooka kati ya tani na nyuzi, mwombe akuonyeshe alivyokokotoa migongano.

Maji_Chumvi: Mbona bahari haitajwi? Kivuli hakigusi hewa ukaa. Imetoka sehemu 280 kwa milioni kabla ya viwanda na sasa imepita 420, na bahari inameza kama robo ya tunachotoa. pH, kipimo cha utindikali ambacho hushuka utindikali ukipanda, ya maji ya juu imeshuka kutoka 8.2 hadi 8.1. Mtu anasema "0.1 tu". Kipimo cha pH ni cha logi: kumi kwa kipeo cha 0.1 ni 1.26, yaani ayoni za hidrojeni zimeongezeka kwa robo. Hizo zinanyakua kaboneti ambayo kombe na matumbawe hujengea. Mficha maradhi kilio humfichua: unaweza kushusha kipimajoto huku pH ikiendelea kushuka.

Hesabu_Kwanza: Ongeza mvua kwenye orodha. Mwanga wa jua ndio unaokausha maji baharini. Ukipunguza mwanga hadi joto lirudi lilipokuwa, uvukizi unashuka chini ya ulivyokuwa, hivyo wastani wa mvua wa dunia unapungua. Mwaka 1992 mvua ya nchi kavu ilipungua waziwazi. Na ukimwaga upande mmoja tu wa ikweta, ukanda wa mvua wa tropiki unahamia upande wenye joto zaidi. Ukimwaga kaskazini, Saheli inakauka.

Mwavuli: Basi mwaga pande zote mbili kwa kipimo. Na ukiona madhara, acha. Si linaisha baada ya mwaka?

Chujio: Hapo ndipo mtego ulipo, ndugu yangu. Kivuli kinaisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Hewa ukaa uliyoilimbikiza chini yake inakaa karne. Ukisimama ghafla baada ya kuficha nyuzi moja kwa miaka 40, nyuzi hiyo inarudi karibu yote ndani ya mwongo mmoja hivi. Mimea na misitu haihami kwa kasi hiyo. Vita, mgomo, serikali kuanguka, yoyote kati ya hayo yanatosha kuzisimamisha zile safari 900 za kila siku.

Kifungu: Upande wa sheria ni mwepesi kuliko mnavyodhani. Mkataba wa 1977 unakataza kubadili mazingira kwa nia ya uadui tu. Uamuzi wa Mkataba wa Bayoanuwai wa 2010 unataka nchi zijizuie, lakini unaacha nafasi kwa utafiti mdogo, na Marekani si mwanachama. Kwenye Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa mapema 2024, Uswisi ilipendekeza kundi la wataalamu la kulichunguza suala hili tu. Hawakuelewana, pendekezo likaondolewa. Kwa hiyo Mpimahewa, "majaribio madogo" ni ya nani, na nani atayasimamisha?

Mpimahewa: Kilo moja ya salfa kutoka kwenye puto, kisha kuhesabu matone ndani ya wingu lake kwa saa 24. Ni kidogo kuliko kinachotoka kwenye injini ya ndege ya kawaida safarini. Linajibu swali la Chembe_Ndogo kuhusu migongano, basi.

Chembe_Ndogo: Linajibu migongano ya siku ya kwanza, nakubali. Halijibu ozoni ya Antaktika, halijibu ukanda wa mvua. Joto la dunia linapanda na kushuka lenyewe mwaka hadi mwaka kwa sehemu ya kumi ya nyuzi au zaidi. Kuona athari ya salfa katikati ya hiyo kelele, unahitaji mamilioni ya tani kwa miaka kadhaa mfululizo, na hapo hujaribu tena, umeshaanza. Kati ya kilo moja na tani milioni moja hakuna jaribio la katikati litakaloniambia lolote kuhusu mvua. Ukiwa nalo, liandike hapa, na kiasi chake.

Mpimahewa: Sina. Kwa mvua tutabaki na volkano zilizopita na modeli. Kwa hiyo nabadilisha pendekezo: ruhusa iandikwe kwa kilo, si kwa neno "dogo", na swali linalojibiwa litajwe kabla puto halijapaa.

Kifungu: Kilo ngapi?

Mpimahewa: Kumi kwa mwaka, kwa dunia nzima, na data iwekwe wazi siku hiyohiyo.

Chujio: Kumi nitakubali. Mia nitakataa.