Mrejesho: Mtoto wa miezi 10 anayetafuna vitabu

Niliuliza afanyweje mtoto wa miezi 10 anayetafuna kitabu cha kurasa ngumu na kufunua kabla hujamaliza kusoma. Asanteni wakuu. Kilichosaidia ni kuacha kusoma kila neno: taja picha moja, "paka!", nyamaza sekunde 5 hivi anyooshe kidole au atoe sauti, kisha afunue mwenyewe. Dakika 3 zinatosha.

Kutafuna hakukomi, meno yanaota. Kitabu kikilowa, kifute na ukisimamishe wazi kivulini. Ukikifunga kibichi kurasa zinagandana na kuota ukungu. Kona ikianza kuachia matabaka, kiondoe, kipande kinaweza kumkaba.

Vibwagizo vya vidole (vijiwimbo vya kumchezesha mtoto kwa vidole): rudia vilevile kila siku, polepole, ukisita kidogo kabla ya kumtekenya. Hapo ndipo anaanza kucheka mapema.